Fisi Maji Wasionikimbia

Jumatatu, 8 Julai 1991

Ukungu tena. Nimekaa kwenye jiwe langu tangu kabla jua halijatoka, na lilipotoka sikuliona. Mto ulikuwa unafuka kama sufuria ya maharage. Fisi maji wamepita. Nimewasikia tu. Wana mluzi mwembamba, mfupi, kama mtu anayeita kuku kwa kubana meno. Picha: hakuna.

Koti lile lile la kijani, kofia ile ile, jiwe lile lile. Hiyo ndiyo kanuni. Mnyama anachoogopa zaidi ni mabadiliko. Mtu asiyebadilika huishia kuwa sawa na kisiki. Nilifundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na jambo hili nililisema darasani kila mwaka, lakini sikuwahi kulijaribu mwenyewe. Sasa nina muda. Tena nina kamera, ile ya Kirusi niliyopewa na wenzangu siku ya kuagwa. Ni nzito kama jembe. Naipenda.

Mke wangu, Mama Devota, ameniuliza nilichopata. Nimesema ukungu. Amesema ukungu hauungwi karanga, akanipa uji.

Alhamisi, 11 Julai

Leo nimewaona. Wanne.

Niandike sawasawa, maana kumbukumbu za mzee huvuja. Hawa si fisi, jina tu limewaonea. Ndugu zao ni nyegere na kicheche. Mwili mrefu, rangi ya kahawa iliyokaangwa, miguu mifupi, vidole vyenye utando kama vya bata. Mkia ndio usukani. Kooni kila mmoja ana madoa meupe, na hakuna wawili wenye madoa yaliyofanana. Ni sawa na alama za vidole vyetu. Kwa hiyo ukipiga picha ya koo umeshapata kitambulisho cha mwenye koo.

Nilipokuwa kijana walikuwa kila kona ya mto huu, kuanzia chini ya Heru Juu hadi unakoingia kwenye mto mkubwa. Nilikuwa nikienda kuchota maji nawakuta wanacheza. Sasa wamebaki kwenye kidimbwi hiki kimoja. Vitabu navyo vinasema wanapungua kila mahali: ngozi, mitego, matete kufyekwa. Nataka picha nne za makoo manne kabla hawajaisha. Sitaki zaidi ya hapo. Mtu akija kusema hapa hawakuwahi kuwepo, nitoe picha.

Sikupanga kuwapa majina. Nimewapa. Mama yao ni Kola, doa lake limezunguka shingo kama kola ya shati. Wanawe wakubwa watatu: Muhogo, mwenye doa refu la kushuka kifuani, Nukta, mwenye vidoa vidogo vidogo, na Mtupu, ambaye karibu hana kitu, vijistari viwili tu.

Jumamosi, 20 Julai

Kasulu kwa baiskeli. Kupanda kulinichosha, kushuka kulinitisha.

Filamu ya kwanza imerudi kutoka Kigoma. Hamisi wa duka la picha huzituma kwa basi na kuzipokea kwa basi. Babu yake alitoka pwani, na yeye mwenyewe hajaacha utani wa kipwani. Alizitandaza picha juu ya meza ya kioo.

"Mwalimu wangu, umepiga maji."

"Hapa kuna kichwa."

"Hiki? Hiki kisiki."

"Ni kichwa, Hamisi. Tazama vizuri."

Akaisogeza machoni. "Haya. Kisiki chako kina masharubu. Hongera."

Nimecheka mpaka nikakohoa. Akaniagizia kahawa chungu. Ni kweli nilipiga maji. Asubuhi mwanga ni mdogo, kwa hiyo pazia la kamera lazima likae wazi kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo fisi maji ameshazama, ameshaibuka, ameshaondoka. Unabakiwa na mkunjo wa maji. Dawa ni moja: wasogee karibu, watulie. Na watatulia pale tu nitakapokuwa kitu kisicho na habari mpya.

Nimenunua filamu nyingine.

Jumanne, 30 Julai

Siku njema. Jua limewahi.

Wametoka majini, wamejiviringisha kwenye nyasi fupi ng'ambo ya mto. Hivyo ndivyo wanavyojikausha. Nyangumi ana mafuta chini ya ngozi, fisi maji hana. Anategemea manyoya tu. Yakilowa hadi ndani, anapata baridi. Kwa hiyo kile tunachokiona kuwa mchezo ni kufua na kuanika. Nimewaza jinsi nitakavyolieleza hili darasani, kisha nikakumbuka sina darasa.

Ezekieli amepita kwenda kuangalia migono yake. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni baba wa watoto watano. Amejenga uzio wa matete kukata mto chini ya kidimbwi, na migono yake, yale matenga marefu ya kunasia samaki, ameipachika kwenye mianya. Fisi maji humwibia mara kwa mara. Hana kinyongo.

"Mwakeye, Mwalimu."

Nimeitikia salamu kwa mkono tu, nisiwatishe.

Amechutama nyuma yangu, akanong'ona: "Mimi natega, wao wanakula, wewe unawatazama. Kila mtu na kazi yake."

Ijumaa, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nina furaha ya kitoto na sioni haya.

Nukta amenusa kiatu changu.

Alikuja kwa kupita pembezoni mwa maji, akasimama, akanyanyua shingo, akapiga mluzi. Mama yake akamjibu kutoka kwenye matete. Akasogea. Masharubu yake yaliigusa ngozi ya kiatu. Harufu yake ni ya samaki na majani mabichi. Nilibana pumzi, moyo unanidunda kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Aliinusa kamba ya kiatu, akapiga chafya, akarudi majini taratibu. Hakukimbia. Alirudi tu.

Kabla ya hapo nilishapiga koo la Kola, alipoinua kichwa kutafuna samaki. Na la Mtupu. Na la Nukta, kutoka karibu sana. Bado Muhogo. Huyo hula akinipa mgongo, kama mtu mwenye adabu ya meza.

Wamenizoea kabisa. Ni kama mkaguzi wa elimu akikaa nyuma ya darasa: siku ya kwanza wote wanatetemeka, akirudi kila siku wanaanza kurushiana chaki mbele yake.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya ibada tulikaa kwa Ezekieli. Lubisi, ile pombe ya ndizi, ilikuwa imeiva vizuri, tamu, haijachacha sana. Wanaume sita hivi. Mmoja akauliza ninangoja nini hasa pale mtoni, maana wake zao wameanza kusema Mwalimu anaongea na majini.

Nimewaeleza yote. Madoa, makoo, picha. Nimechora kwa kijiti mchangani. Nimesema tayari ninao watatu, bado mmoja tu, huyu mwenye doa refu kama muhogo, na huyo ndiye ninayemtaka sana. Wamesikiliza kwa makini. Wameuliza maswali mazuri: huyo ni dume? Ni mkubwa kuliko wengine? Hutokea saa ngapi? Nimejibu kila swali. Muda mrefu sijapata darasa kama hilo.

Ezekieli amenisindikiza hadi njia panda. "Mwalimu, usijitese na baridi hiyo. Sisi tupo."

Nimemshukuru. Watu wa huku hawaachi kumsindikiza mzee, hata kwa maneno.

Kesho naenda Kibondo. Binti yetu Devota amejifungua.

Jumatano, 14 Agosti. Kibondo

Mtoto wa kike. Mzima, mwenye sauti. Nimempakata, akanikojolea koti. Koti la mtoni. Sasa fisi maji watanikana.

Mkwe wangu amechinja jogoo. Nimekula vizuri, nimelala vizuri. Hapa mji umechangamka, maduka mengi kuliko nilivyoyaacha mara ya mwisho. Asubuhi nimeamka gizani kwa mazoea, nikatafuta viatu, kisha nikakumbuka hakuna mto.

Jumanne, 20 Agosti

Nimerudi jana jioni, nimechakazwa na lori. Leo asubuhi, nikiwa bado nanywa chai, Ezekieli amefika na wanaume wawili kati ya wale wa Jumapili. Wamevaa nguo safi. Amebeba kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, amekishika kwa mikono miwili.

Ilikuwa ngozi. Imewambwa, imekauka vizuri, imekunjwa. Juu yake fuvu dogo, limechemshwa likawa jeupe, meno yote yapo.

"La kufundishia, Mwalimu," amesema. "Tulijua utapenda na kichwa."

Nimeigeuza ngozi upande wa koo. Doa refu la kushuka kifuani.

Walikuwa na furaha. Walitaka nijue jinsi ilivyokuwa. Ezekieli amesimama katikati ya sebule kuonyesha. "Nilikaa jiweni pako. Kofia sikuwa nayo, lakini koti langu linafanana na lako. Wakaja wenyewe, Mwalimu! Sijawahi kuona. Huyu mmoja mwenye madoa madogo akanipita hapa, nikamwacha, nikasema siye. Nikamngoja wako. Akatokea, akakaa anakula samaki, ametulia kabisa. Mkuki mmoja."

Mikono yangu ilizipokea zawadi. Mdomo wangu ulisema asante. Mama Devota amewaletea chai na viazi. Amenitazama mara moja tu.

Jumatano, 21 Agosti

Sikwenda mtoni.

Nina huzuni. Nina hasira, na sijui niielekeze kwa nani. Ezekieli hakukosa. Nimelifikiria usiku na naliona wazi. Huku kwetu, mzee akitaka mnyama, huenda zizini, humtazama, huchagua: huyu mwenye baka. Kisha huondoka. Mzee hashiki kisu. Vijana huchinja na kumletea, na wakisubiri kuambiwa mara mbili ni aibu yao. Mimi nilikwenda zizini mwezi mzima. Nikachagua. Nikawachorea baka lenyewe mchangani. Kisha nikaondoka kwenda Kibondo.

Walielewa kila neno nililosema. Kilichowashinda kuamini ni kwamba mtu mzima mwenye akili anaweza kukaa kwenye baridi kwa ajili ya kutazama tu. Picha waliiona kuwa ni njia ya kuchagulia.

Ila lililomuua si mkuki peke yake. Ezekieli amekaa kwenye mto huu tangu utoto na hajawahi kumkaribia fisi maji hata mmoja. Wiki iliyopita walimpita miguuni. Nani aliwafundisha?

Ijumaa, 23 Agosti

Nimemwambia. Tulikuwa kwenye uzio, anarekebisha mgono ulioraruka. Nilitaka kusema kwa upole, nikajikuta nasema moja kwa moja: nilimtaka akiwa hai.

Alifunga ukindu, akaufungua, akaufunga tena.

"Mwalimu, ungesema."

"Nilisema, Ezekieli. Nilisema karibu saa nzima."

"Ulisema kama mwalimu. Ungesema kama mtu."

Nikamshikia mgono aendelee kufunga.

Kisha akaniambia jambo ambalo limenizuia kula chakula cha mchana. Ngozi ilipokuwa juani, watu wa ng'ambo ya kilima waliiona. Wanawinda, wana mbwa, na wanajua mnunuzi wa ngozi. Wakamuuliza aliipataje bila mtego wala mbwa. Naye, kwa fahari, akawaeleza: kaa kwenye jiwe, vaa koti, ngoja. Wamesema watakuja baada ya mnada wa mwanzo wa mwezi.

"Nitawakataza," amesema. Lakini mto si wake. Wala si wangu.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimewaza kama mtu anayesahihisha mtihani, swali moja baada ya jingine.

Kuwalinda? Siwezi kukaa mtoni kutwa nzima, maisha yangu yote. Kwenda kwa bwana nyama wilayani? Nimekwenda, kwa baiskeli, goti linauma. Ni kijana mwenye heshima. Amesema kweli ni kosa kuwaua, ila ana eneo kubwa kuliko miguu yake, na atakapofika wawindaji watakuwa wameshakula na kunawa. Kuwaomba hao watu? Nitaongea nao. Watanisikiliza kwa makini sana, kama wale wengine.

Limebaki jibu moja. Fisi maji walikuwa na ulinzi wao wenyewe, nao ni woga. Nimeuondoa mimi, asubuhi baada ya asubuhi, kwa subira niliyojisifia. Lazima niurudishe. Tena lazima niurudishe mimi, nikiwa na koti hili na kofia hii, nimekaa kwenye jiwe hili, ili kila atakayekaa pale kwa mtindo wangu awe adui.

Maana yake sitawaona tena kwa karibu. Nukta hatanusa kiatu changu tena. Ninataka asubuhi moja zaidi ya kukaa nao. Moja tu. Ninaitaka vibaya.

Siichukui. Kila asubuhi ya amani inawafundisha lile lile somo baya.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimeazima debe kwa mama mmoja anayelinda muhogo wake dhidi ya tumbili. Nikakaa jiweni. Walikuja wote watatu, mmoja nyuma ya mwingine. Kola alianza kula kwa utulivu.

Nikapiga debe.

Walizama kama mawe. Maji yakafunga. Nikasikia uchungu na ahueni kwa pamoja.

Muda si mrefu, kichwa. Nukta. Ameinua shingo, ametazama debe, amepiga mluzi. Nikapiga tena. Akazama, akaibuka karibu zaidi. Alitaka kujua ni kitu gani. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi, na yeye akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayesikiliza bendi.

Nimeshindwa. Kelele isiyoumiza ni burudani. Mwalimu yeyote wa zamu anajua hivyo.

Jumanne, 27 Agosti

Mama Devota amesema anakuja. Nimemwambia nyasi zina umande. Amesema ameolewa kwenye umande.

Amejificha kwenye matete na mfuniko wa sufuria na mwiko. Walipotokea nikapiga debe, na kabla sijapiga mara ya pili nimesikia sauti yake nyuma yangu: "Unapiga kama unaomba msamaha! Ondoka hapo!" Amekunja kitenge, ameingia majini hadi magotini, anapiga mfuniko, anawatukana kwa Kiha. Matusi mengine sikujua anayajua. Tumeishi pamoja tangu ujana.

Kola na Mtupu wakatoweka. Nukta akabaki.

Nikachota tope. Nilikuwa hodari wa kurusha nilipokuwa kijana, nilitumaini mkono umesahau. Haukusahau. Tonge lilimpiga mgongoni. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwao, siyo mluzi, ni mlio mkali uliokatika. Akanitazama. Najua mnyama hashangai kama sisi, hilo pia nililifundisha. Lakini alinitazama. Nikachota tope jingine nikarusha, na jingine. Akaenda. Kwa kasi, chini ya maji, mstari wa mapovu ukielekea chini ya mto.

Wanawake waliokuwa wakifua ng'ambo wamecheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Jamani, Mwalimu na mkewe wamegombana na mto!"

"Walidai wamenyimwa samaki!"

Mama Devota amewajibu kwamba mto ndio ulioanza. Tumerudi nyumbani tumelowa, amenishika mkono kwenye mteremko. Nimelia kidogo. Amesema ni tope limeniingia machoni, na nimekubali.

Ijumaa, 30 Agosti

Tumekwenda kila asubuhi. Jana na leo Ezekieli amejiunga. Hakuulizwa. Amekaa jiweni na koti lake, na Kola alipochungulia tu amemrushia tope huku akipiga ukelele wa kufukuza nguruwe pori. Tope lake halikosi. Leo hakuna aliyetokea. Nimekaa na mikono yenye matope, nasikiliza. Chura mmoja. Basi.

Alhamisi, 5 Septemba

Wamekuja. Ezekieli alikuwa kwenye migono na ameniletea habari yote.

Wanaume watatu na mbwa wawili. Mmoja amevaa koti kubwa la baridi, amekaa jiweni tangu alfajiri, hatikisiki, mkuki mapajani. Wenzake wamelala nyuma ya matete na kuwashika mbwa midomo. Jua limepanda. Hakuna kitu. Wa koti ameanza kujikuna. Jua limepanda zaidi. Mbwa mmoja amejinasua, ameingia majini, amekunywa, amejilaza kivulini.

Wakamwendea Ezekieli. "Wewe, fisi maji wako wako wapi?"

"Wamehama," amewajibu. "Kulikuwa na kelele za ndoa."

Wamenunua samaki wawili ili wasirudi mikono mitupu. Wamesema mtu aliyewadanganya kwamba hapa fisi maji hawakimbii ana bahati ni jirani.

Nimemwomba anisimulie tena sehemu ya kujikuna.

Jumamosi, 14 Septemba

Kasulu. Filamu ya pili.

Safari hii Hamisi hakutania. Amezipanga juu ya kioo moja moja. Kola, maji yanamdondoka kidevuni. Mtupu, na vijistari vyake. Nukta amejaza picha nzima, masharubu yote yanahesabika, na chini kabisa kuna ncha ya kiatu changu.

"Mwalimu wangu," amesema. "Hizi ni picha." Kisha: "Si ulisema wanne?"

Nimemweleza kuhusu wa nne. Amesikiliza huku anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Akauliza kwa nini nisiipige picha ile ngozi, koo si lipo? Doa si ndilo? Ni swali la haki. Kwa upande wa elimu ana hoja: alama ni ile ile. Nililiwaza njiani wakati wa kurudi, nasukuma baiskeli kilimani, na jibu langu si la kielimu. Sitaki tu. Nilitaka picha ya fisi maji anayekula samaki huku amenipa mgongo, akageuka. Hiyo haipo. Acha isiwepo.

Ngozi imekaa sandukuni, pamoja na shuka za sherehe. Ezekieli aliomba airudishe, kwa aibu. Nimemkatalia. Ilitolewa kwa mikono miwili na ikapokelewa kwa mikono miwili. Fuvu nimelipeleka shule ya msingi. Mwalimu wao wa sayansi ameniomba nifundishe kipindi kimoja. Nilifundisha viwili. Niliwaambia watoto jinsi lilivyopatikana, bila kuficha, na niliwaambia kama mtu. Nadhani nilijitahidi. Mmoja aliuliza kama yule mnyama alikuwa na jina.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha juzi, ardhi imelegea. Nimekwenda shamba la ng'ambo kuangalia kama panafaa kupandwa. Kamera sikubeba, nilibeba jembe.

Kutoka pale juu mto unaonekana ukipinda mara mbili, mbali na kidimbwi, chini kabisa ambako hakuna njia ya watu na matete yamefunga pande zote. Nilisimama kupumua. Kulikuwa na kitu kwenye kichanga. Vitu vitatu. Vinajiviringisha.

Nilikuwa mbali kiasi kwamba mtu akiita hasikiki. Sikuona koo wala doa, macho yangu hayafiki huko. Niliona miili tu, mirefu, myeusi kwa maji, inapindana na kuachana. Mmoja alikuwa mdogo kidogo kuliko wengine. Nilisogea hatua moja ili nione vizuri.

Yule mdogo akasimama wima. Akatazama juu, kilimani, moja kwa moja nilipo. Mluzi wenyewe sikuusikia, lakini niliwaona wakiusikia. Kufumba na kufumbua kichanga kilikuwa kitupu, na maji yamepata duara moja, likapanuka, likaisha.

Nimefurahi sana. Nimekaa kidogo kwenye majani yaliyolowa, nikiutazama mto usio na kitu. Kisha nimelima mpaka adhuhuri. Udongo ni mzuri. Kesho kutwa tunapanda maharage.